Mwandishi Mwenzako Akikamatwa: Cha Kufanya Saa za Mwanzo

Mwongozo huu ni wa wahariri, wawakilishi wa mikoani na rafiki wa mwandishi, kwa sababu aliyekamatwa hana simu mkononi. Kazi yangu ni kuratibu misaada ya dharura kwa wanahabari, na naamini saa za mwanzo huamua mengi kuliko wiki zinazofuata.

Kabla ya lolote. Kila mwandishi ajaze karatasi moja na kumwachia mtu anayemwamini: jina la wakili, ndugu wa kupigiwa, dawa anazotumia, nani mwenye kauli kama habari zake zitangazwe, na swali ambalo jibu lake wanalijua yeye na mtu huyo tu, litakalothibitisha kuwa yu hai. Akienda penye hatari, aizime kabisa simu yake anapoona mambo yanaharibika. Simu ikiwashwa upya hudai namba ya siri. Alama ya kidole haitoshi.

Hatua ya 1: Jua yuko wapi. Hapa usifanye haraka ya kumaliza. Mwandishi wa Tanzania Azory Gwanda alitoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017, na familia yake haijapewa jibu la kuridhisha hadi leo. Ongea na mashuhuda wangali wakikumbuka vizuri: saa, mahali, namba ya gari, sare au nguo za kiraia, maneno yaliyosemwa. Kisha watu wawili waende kituoni, mmoja wao wakili. Wamwombe mkuu wa kituo athibitishe kama yumo na kama ameandikwa kitabuni. Akikataa, nendeni kituo kingine. Vyote vikikana, wakili aombe Mahakama Kuu iamuru wanaomshikilia wamlete mbele ya jaji.

Hatua ya 2: Hesabu saa. Kenya, ibara ya 49 ya Katiba inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Zikiishia nje ya muda wa mahakama, siku ya kazi inayofuata. Ndiyo maana ukamataji wa Ijumaa jioni unahitaji wakili usiku huohuo. Katiba za Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zinaweka saa 48.

Fuatilia pia sababu zinazotajwa. Mwandishi wa Tanzania Erick Kabendera alikamatwa Dar es Salaam Julai 2019, kwanza akahojiwa kuhusu uraia wake, baadaye akashtakiwa kwa makosa ya kiuchumi, likiwamo utakatishaji fedha, lisilo na dhamana. Alitoka Februari 2020. Wakili wa jinai na wakili wa uraia si lazima awe mtu mmoja, kwa hiyo muwe na namba za wote wawili.

Hatua ya 3: Linda vyanzo vyake. Mwondoeni kwenye makundi ya chumba cha habari, fungeni akaunti yake ya barua pepe ya kazini, na waonyeni waliokuwa wakizungumza naye, kwa njia nyingine kabisa. Msifute kitu chochote kwenye vifaa vyake bila wakili kukubali, maana inaweza kuitwa kuharibu ushahidi.

Hatua ya 4: Kelele. Aliyetajwa kwenye ile karatasi, au familia kama hakutajwa mtu, ndiye mwenye kauli ya mwisho. Ushauri wangu: asipokubaliwa kuwa yuko mikononi mwa dola, tangazeni mapema. Jina, chombo, saa na mahali vinatosha. Habari aliyokuwa akiifuatilia iacheni.

Hatua ya 5: Piga simu za msaada. Kamati ya Kuwalinda Wanahabari (CPJ) ya New York, Waandishi Wasio na Mipaka (RSF) ya Paris na DefendDefenders ya Kampala husaidia walio hatarini. Tanzania kuna Baraza la Habari, Kongo kuna JED (Journaliste en danger), shirika la kutetea wanahabari. Ombeni pia fedha za kodi ya nyumba na ada za watoto, kwani mshahara wa mwandishi wa kujitegemea hukoma siku anayokamatwa.

Hatua ya 6: Akitoka. Apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo na majeraha yaandikwe. Tanzania, chukueni fomu ya polisi ya PF3. Simu aliyorudishiwa isiwashwe kwenye intaneti ya ofisi wala ya nyumbani. Mpatieni nyingine, ile ya zamani ikae kwa mtaalamu wa usalama wa kidijitali mpaka aikague.