Unapenda kuigiza? Anzia Kongowea

Wewe unayetamani jukwaa, kabla ya kukariri maneno nenda soko la Kongowea, Mombasa, asubuhi, ukamtazame muuzaji mmoja tu. Mteja akifika, sauti inalainika: "Karibu mama, nyanya za leo hizi." Mteja akitaja bei ya chini, mkono unakwenda kiunoni, kidevu juu, macho pembeni kana kwamba hakusikia. Hapo ndipo pa kusoma! Wengi wetu huiga maneno, mwili tukausahau. Ukirudi nyumbani, fanya kitendo hicho kimyakimya mpaka nduguyo atambue kuwa unabishania bei. Kisha ndio utie maneno. Kwenye feri ya Likoni pia kuna mengi ya kutazama, ila usimrekodi mtu bila ruhusa yake.