Kivinjari cha mteja kinafungua PDF? Kiulize hivi

Ukitafuta namna ya kutambua programu-jalizi zilizomo kwenye kivinjari, majibu mengi utakayopata ni ya enzi za Flash, programu-jalizi ya Adobe ya kuchezesha video na michezo kwenye tovuti: pitia navigator.plugins (orodha ya programu-jalizi ambayo kivinjari huuonyesha ukurasa) moja moja, tafuta "Shockwave Flash", na kwa Internet Explorer jaribu kuunda ActiveXObject (njia yake ya kuita programu-jalizi) ndani ya try. Ikigoma, basi haipo. Wakati wake ilikuwa kazi ya maana. Lakini Adobe waliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020. Chrome ilishaufunga mlango wa NPAPI, mfumo wa zamani wa kuunganisha programu-jalizi ambao Java na Silverlight zilipitia, mwaka 2015. Internet Explorer yenyewe ilistaafishwa Juni 2022.

Fungua Chrome ya kompyuta, bonyeza F12, nenda kwenye konsoli, andika:

for (const p of navigator.plugins) console.log(p.name);

Yatatoka majina matano: PDF Viewer, Chrome PDF Viewer, Chromium PDF Viewer, Microsoft Edge PDF Viewer na WebKit built-in PDF. Sasa fanya hivyo hivyo kwenye Firefox. Matano yale yale! Firefox imeitoa wapi Microsoft Edge PDF Viewer? Haina. Orodha hiyo imeandikwa kwenye kanuni za HTML, na vivinjari vinaikariri kama kasuku ili tovuti za zamani zisivunjike, na ili mtu asifuatiliwe kwa mchanganyiko wa vitu alivyosakinisha. Kivinjari kisichofungua PDF chenyewe hutoa orodha tupu. Maana yake, orodha nzima inajibu swali moja tu: PDF hufunguka humu, au haifunguki?

Bahati nzuri hilo ndilo swali ninaloulizwa. Wateja wangu wengi ni wachapishaji wa Nasser Road hapa Kampala: kalenda, kadi za harusi, vitabu vya risiti. Hajji mmoja anataka mnunuzi wake aliyeko Mbale aione sampuli kabla mashine haijawashwa. Ukiweka iframe (kisanduku cha kuonyesha faili ndani ya ukurasa) peke yake, kwenye kompyuta ya Hajji kalenda inatokea safi. Kwenye simu ya Android, mara nyingi mnunuzi anakuta kisanduku kisicho na kalenda, halafu Hajji anakupigia: "Mwanangu, mtu wa Mbale anasema hajaona kitu."

Kwa hiyo anza na kiungo, kiwe ndani ya HTML tangu mwanzo:

<div id="sampuli">
  <a href="kalenda.pdf" download>Pakua sampuli, MB 2</a>
</div>

Ukubwa wa faili uandike. Bando ni la mnunuzi, si lako.

Kisha msimbo:

function pdfHufunguka() {
  if (typeof navigator.pdfViewerEnabled === "boolean") {
    return navigator.pdfViewerEnabled;
  }
  const aina = navigator.mimeTypes;
  return Boolean(aina && aina["application/pdf"]);
}

if (pdfHufunguka()) {
  const f = document.createElement("iframe");
  f.src = "kalenda.pdf";
  f.title = "Sampuli ya kalenda";
  document.getElementById("sampuli").prepend(f);
}

Mstari wa pdfViewerEnabled ndio wenye kazi. Upo kuanzia Chrome 94, Firefox 99 na Safari 16.4. Sehemu ya mimeTypes, orodha ya aina za faili, ni ya vivinjari vya zamani, na huko jibu linaweza kuwa si sahihi: Firefox ya zamani inafungua PDF vizuri lakini PDF haimo kwenye orodha yake. Sihangaiki nayo. Huyo atabaki na kiungo, na kiungo kinafanya kazi. Ndiyo sababu kiungo kinatangulia na iframe inaongezwa juu yake. Hata wa Opera Mini, ambaye ukurasa wake hupikwa kwenye seva za Opera kabla ya kumfikia, anabaki na cha kubofya.

Mengine yote yaulize kwa njia hiyo hiyo: usitafute jina la programu, uliza kama kazi inawezekana. Video? canPlayType("video/webm") hurudisha "probably", "maybe" au "" (tupu, yaani hapana). Shule ina masomo ya zamani ya .swf, yaani faili za Flash? Ruffle, programu inayoiga Flash, huyachezesha bila Flash yenyewe, mradi kivinjari kiwe na WebAssembly, yaani typeof WebAssembly iwe "object".

Viendelezi, kama vile vya kuzuia matangazo, ni habari nyingine. Ukurasa haupewi orodha ya viendelezi kabisa. Wapo wanaonusa mafaili ya kiendelezi fulani kwa kukisia anwani yake. Firefox inawakwamisha kwa kukipa kila kisakinishwapo utambulisho wa kubahatisha. Mteja akiniomba hilo, namuuliza anataka kumpeleleza nani, tena nchi hii ina sheria ya kulinda data na faragha tangu 2019.

Kujaribu ni rahisi. Kwenye mipangilio ya Chrome ya kompyuta, upande wa hati za PDF, chagua zipakuliwe badala ya kufunguliwa, kisha pakia ukurasa upya: iframe isitokee, kiungo kibaki. Rudisha mpangilio, iframe irudi. Baada ya hapo azima simu ya Android ya mtu, ya kweli, si lile umbo la simu lililomo kwenye zana za kivinjari, ufungue ukurasa kabla hujamwambia Hajji kazi imekwisha.