Kwenda Uhamiaji kwa niaba ya mwenza mgeni: kwa wanandoa wa Kigoma

Kigoma ndoa za kuvuka mpaka ni jambo la kila siku. Mke katoka Rumonge, Burundi, mume ni wa Ujiji; mume ni wa Uvira, Kongo, mke ni wa Kasulu. Shida huanza ndoa inapohitaji karatasi. Mgeni ana kichanga, au Kiswahili chake cha ofisini bado, au kavuka ziwa kwenda msibani kwao, na huku siku kwenye pasipoti zinayoyoma. Anayebaki kwenda Uhamiaji ni mwenza Mtanzania.

Inawezekana, na maafande wamezoea. Wengi hukwama kwa sababu wanakwenda kumsemea mwenza, wakati ofisi inawahitaji wapeleke na kupokea tu. Ukishika tofauti hiyo, safari zinapungua.

Kipi chako, kipi chake

Wewe unaweza kuuliza masharti, kujaza na kupakia maombi mtandaoni, kulipia, kupeleka nyaraka asilia zikaguliwe, kufuatilia jibu na kuchukua kibali. Sahihi yake, alama za vidole, picha na mahojiano havina mwakilishi. Akiitwa kuhojiwa, aje mwenyewe, na usishangae mkitenganishwa na kuulizwa maswali yaleyale kila mmoja chumba chake. Hapo wanataka kujua kama ndoa ni ndoa kweli.

Muhuri wa mpakani pia ni wake. Kuna watu hutuma pasipoti kwa dereva hadi mpakani Manyovu "ikagongwe" ili mgeni apate siku mpya, mwenyewe yuko nyumbani Mwanga, hapa mjini, anapika. Hilo ni kosa la jinai, si njia ya mkato. Kumbukumbu itaonyesha katoka na kuingia siku ambayo majirani wote walimwona, na ikigundulika, maombi ya kibali yanakuwa magumu kuliko kama angekuwa amezidisha siku na kujieleza.

Jua kwanza amekaa kwa karatasi gani

Fungua pasipoti yake au hati yake ya kusafiria ya muda, tafuta muhuri wa mwisho wa kuingia, soma idadi ya siku zilizoandikwa pale. Utasikia kwamba raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaruhusiwa kutembelea hadi miezi 6. Ni kweli kanuni za soko la pamoja zinasema hivyo, lakini zinazohesabika ni siku alizoandikiwa na ofisa wa mpakani. Kama kaandikiwa 30, ni 30. Na kutembelea si kuishi: mume au mke anayekaa hapa anahitaji pasi ya mfuasi, ile utakayosikia dirishani ikiitwa dipendanti, inayosimama juu ya ndoa na uraia wako.

Kama mwenza wako ni mkimbizi aliyeandikishwa Nyarugusu au Nduta, usianzie dirisha la vibali. Mambo yake yako chini ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi katika Wizara ya Mambo ya Ndani, na hata kutoka kambini anahitaji kibali cha mkuu wa kambi. Kumjazia maombi ya kawaida huku ana hadhi ya ukimbizi kunamchanganyia mafaili mawili, na kuyatenganisha baadaye ni kazi ya mwaka.

Majina: hapa ndipo maombi mengi yanaporudi

Kaa mezani na nyaraka zote, linganisha majina herufi kwa herufi: pasipoti, cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa, barua ya mtaa. Upande wa pili wa mpaka na ziwa majina huandikwa kwa Kifaransa. Hadija wa cheti cha ndoa cha Ujiji ni Hadidja kwenye pasipoti. Yusufu ni Youssouf. Shabani ni Chabani. Ongeza tabia yetu ya kubadilishana *r* na *l*, na Rukia anageuka Lukia mikononi mwa karani.

Mpangilio nao ni mtego. Pasipoti ya Burundi hutanguliza jina la ukoo, halafu jina la ubatizo au la dini. Mkongo mara nyingi ana matatu: jina, jina la pili la asili, na jina la ubatizo. Fomu zetu zinataka jina la kwanza, la kati na la mwisho. Usimpachikie jina la babu yake ili kujaza nafasi ya katikati kama tunavyofanya kwetu. Fuata pasipoti: kilicho kwenye mstari wa jina la ukoo kiende kwenye jina la mwisho, vilivyobaki viende vilivyo, na nafasi isiyo na kitu iachwe.

Tofauti ndogo ya tahajia hutatuliwa kwa kiapo cha majina mbele ya wakili, kikieleza kuwa majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Anayeapa ni mwenye majina, si wewe. Jina likiwa tofauti kabisa, au mwaka wa kuzaliwa haulingani, kiapo peke yake huwa hakitoshi. Nendeni ubalozi mdogo wa nchi yake. Burundi na Kongo zote zina ubalozi mdogo hapa Kigoma mjini, kwa hiyo hakuna sababu ya kupanda treni hadi Dar kwa jambo hilo.

Cheti cha ndoa

Picha za harusi hazisaidii, na barua ya imamu au padri inayosema "nawafahamu hawa" ni nyongeza tu. Kinachotakiwa ni cheti chenye namba. Kama mlifunga ndoa ya kimila au ya dini na cheti hakikutoka, anzeni kwa msajili wa wilaya, ambaye kwa kawaida yuko kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kabla hamjafikiria Uhamiaji. Kama cheti kimetolewa Bujumbura au Kalemie kwa Kifaransa, kitafsiriwe kwa Kiswahili au Kiingereza na mtafsiri anayetambulika. BAKITA hutafsiri na kuthibitisha tafsiri. Tafsiri ya mwalimu wa Kifaransa wa mtaani, hata ikiwa nzuri kuliko ya mtu mwingine yeyote, itakataliwa kwa kukosa muhuri.

Hati ya kukuruhusu

Kwa kuchukua barua au kibali kilichokwisha kutoka, mara nyingi barua ya idhini yenye sahihi yake inatosha, ikiambatana na nakala ya pasipoti yake na kitambulisho chako cha NIDA. Kwa shughuli nzima, kuanzia kupeleka maombi hadi kupokea, andikeni hati ya uwakilishi kwa wakili. Gharama yake ni ya kuelewana. Ulizeni kwa mawakili wawili.

Hati nzuri ni fupi na haina maneno ya jumla. Iwe na majina yenu kama yalivyo kwenye vitambulisho, namba ya pasipoti yake na namba yako ya NIDA, picha za wote wawili, na kazi zilizotajwa moja moja: kuwasilisha maombi ya pasi ya mfuasi, kupokea namba ya malipo na kulipa, kupokea barua za ofisi, kuchukua pasipoti na kibali. "Kufanya mambo yangu yote ya serikali" ni sentensi inayomfanya ofisa akurudishe, maana haisemi lolote. Weka na muda, miezi 6 au 12. Tengenezeni asilia 3: moja ya ofisi, moja yako, moja abaki nayo yeye.

Wakati wa kusaini lazima awepo mbele ya wakili. Angalia sehemu ya chini anapojaza wakili: mahali, tarehe, jina lake, sahihi na muhuri. Sheria ya viapo inataka mahali na tarehe viandikwe, na hati zisizokuwa navyo hukataliwa hata mahakamani. Mawakili wenye haraka husahau tarehe, nawe ndiye utakayerudishwa.

Kama mwenza hasomi Kiswahili, iandikwe palepale chini kwamba amesomewa na kutafsiriwa kwa Kirundi au Kifaransa na ameelewa, pamoja na jina la aliyetafsiri. Mkalimani asiwe wewe, maana hati inakupa wewe mamlaka. Kigoma hakuna uhaba: Mha yeyote mwenye kitambulisho anaelewana na Mrundi.

Kama yeye yuko nje ya Tanzania, asaini mbele ya ofisa wa ubalozi wetu, Bujumbura au Kinshasa, kisha asilia iletwe kwa mkono. Picha ya WhatsApp itakusaidia kujaza fomu tu.

Siku ya dirishani

Nenda asubuhi, saa za kazi za serikali ni saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, na mchana mfanya maamuzi huwa kwenye vikao. Ukiwa Kibondo, Kakonko au Buhigwe, anzia ofisi ya wilaya ikuambie wanachopokea wao na kinachopaswa kufika mkoani.

Bahasha iwe na vitu hivi, kwa mpangilio huu: barua ya maombi kwa Kamishna Jenerali wa Uhamiaji, iliyosainiwa na mwombaji, fomu iliyochapwa kutoka mtandaoni, hati ya uwakilishi, pasipoti yake asilia na nakala ya ukurasa wa picha na wa muhuri wa mwisho, cheti cha ndoa na tafsiri yake, ushahidi wa uraia wako, barua ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji iliyopita kwa mtendaji wa kata, picha zake za pasipoti. Leta asilia zote hata kama umepakia nakala mtandaoni.

Ukifika, jitambulishe kabla hujaulizwa: "Shikamoo afande. Naleta maombi ya mke wangu, raia wa Burundi. Hati ya uwakilishi hii hapa, pasipoti yake hii hapa." Halafu nyamaza. Ukiulizwa jambo asilokueleza, mathalani aliingilia kituo gani mwaka juzi, sema utamuuliza na umpigie palepale nje. Usikisie. Jibu lako la kukisia linaandikwa kwenye faili lake, na siku ya mahojiano atajibu tofauti, hapo wote wawili mtaonekana waongo.

Malipo

Ada ya serikali hulipwa kwa namba ya malipo, kontrol namba, yenye tarakimu 12 zinazoanza na 99. Lipa benki au kwa simu, na kabla ya kuthibitisha soma jina la mlipiwa na kiasi. Bili ikiwa ya dola, nenda benki. Namba hiyo ina tarehe ya mwisho. Ikipita unaomba nyingine. Anayekwambia umpe taslimu "akusogezee" ni kishoka, hata akiwa amesimama ndani ya geti.

Pasipoti ikiwa mikononi mwako, yeye ana nini?

Hili husahaulika sana. Umechukua pasipoti asubuhi, mchana kuna msako sokoni Kibirizi au kizuizi barabara ya Kasulu, na mwenza hana karatasi hata moja. Kabla hujatoka nyumbani mwachie nakala ya pasipoti na ya cheti cha ndoa zilizothibitishwa na wakili, pamoja na asilia yake ya hati ya uwakilishi. Ofisi ikibaki na pasipoti, omba stakabadhi yenye muhuri na umpelekee siku hiyohiyo. Siku za muhuri zikikaribia kwisha huku jibu halijatoka, uliza kuhusu pasi maalum ya kusubiria uamuzi. Uliza kabla ya siku kwisha; baada ya hapo unazungumzia faini.

Kwa hiyo peleka maombi mapema, zikiwa zimebaki wiki kadhaa, na usimpangie safari ya kuvuka katikati ya kusubiri. Akitoka nchini maombi yakiwa mezani, anaporudi anapigwa muhuri mpya wa matembezi na faili linaanza kupishana na pasipoti.

Watoto na kazi

Watoto wenu usiwaingize kwenye maombi haya. Kwa kawaida mtoto wa Mtanzania ni Mtanzania, awe kazaliwa hospitali ya Maweni au Bujumbura. Kinachohitajika ni cheti cha kuzaliwa kinachokutaja wewe mzazi.

Pasi ya mfuasi hairuhusu ajira. Mwenza akipata kazi shuleni au kwenye shirika, mwajiri ndiye anayeanza na kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, kisha kibali cha ukaazi cha daraja B. Na uraia ni habari nyingine kabisa: sheria inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba kwa sababu ya ndoa, lakini mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo na hufuata utaratibu wa kawaida wa tajnisi, yaani wa mgeni yeyote anayeomba uraia. Si haki, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Kibali kikitoka

Kisome palepale dirishani: jina, namba ya pasipoti, uraia, tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kosa la herufi moja likionekana ukiwa bado umesimama hapo, hurekebishwa kirahisi kuliko ukiligundua nyumbani, ambapo utahitaji barua mpya na pengine kumleta mwenyewe. Piga nakala mbili, moja ibaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Halafu angalia muda wa hati ya uwakilishi: ikiwa itakwisha kabla ya kibali, kwa kuhuisha mtahitaji nyingine, na wakili atataka kumwona tena.