Kutoa faili kwenye diski ya kompyuta iliyokufa

Kompyuta ya zamani ikikataa kuwaka, mara nyingi kilichokufa si diski. Ni pawa saplai, ubao mama au kioo. Picha za harusi na hesabu za duka bado zimo, na kazi yetu ni kuichomoa diski na kuisomea kwenye kompyuta nyingine. Sharti ni moja: tangu unaigusa mpaka unamaliza, usiandike chochote juu yake.

1. Ichomoe

Toa waya wa umeme, na kwa laptopu toa na betri. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi ili chaji iliyobaki iishe. Gusa bati la kasha kwanza, kisha fungua skrubu zinazoshikilia diski kwa bisibisi ya nyota. Zile skrubu za mfuniko wa diski yenyewe ziache kabisa. Vumbi likiingia humo, umeharibu.

2. Tafuta adapta inayoifaa

Tazama mdomo wa diski. Ukiona vipande viwili bapa, kifupi cha data na kirefu cha umeme, hiyo ni SATA. Ukiona safu mbili za pini, ni IDE: pini 40 kwa diski ya mezani ya inchi 3.5, na 44 kwa ya laptopu ya inchi 2.5. Zipo adapta za USB zinazosoma aina zote mbili.

Watu wengi hukwama hapa. Diski ya inchi 3.5 inataka volti 12, na tundu la kawaida la USB hutoa 5 tu. Nunua adapta yenye chaja yake ya ukutani, la sivyo utaitupa diski nzima ukidhani imekufa. Kwa IDE, weka jampa (kile kiplastiki kidogo kinachounganisha pini mbili) kwenye Master. Mchoro wake huwa kwenye lebo. Pini ikiwa imepinda, chukua kalamu ya risasi ya kubonyeza, toa risasi yote, kisha ivishe pini kwenye tundu la ncha yake na uinyooshe polepole.

3. Sikiliza kabla ya kusoma

Ilaze diski mezani, iwashe, na usiisogeze tena. Diski nzima huanza kwa mvumo unaopanda kisha kutulia. Ikigonga tak-tak-tak kwa mpigo uleule, zima hapohapo. Jaribu chaja nyingine mara moja, maana umeme hafifu nao huleta mlio huo. Ikigonga tena, vichwa vya kusomea vina hitilafu na kila dakika ya kuiwasha inaweza kukwangua sahani zinazohifadhi data. Kama data ni ya thamani, mpelekee mtaalamu mwenye chumba kisicho na vumbi. Ule ushauri wa kuiweka kwenye friza uache: ukiitoa, unyevu hugeuka matone ya maji ndani, hasa kwa joto letu la pwani.

4. Nakili diski nzima kwanza

Ukiichomeka kwenye Windows, unaweza kuulizwa kama unataka kuifomati. Kataa. Usiendeshe chkdsk pia, ile zana ya Windows ya kukagua diski, kwa sababu hurekebisha kwa kuandika, na diski dhaifu haihimili hayo. Mimi hutumia SystemRescue, mfumo wa Linux unaowaka kutoka kwenye flashi badala ya Windows na kuja na programu zote ninazozitaja hapa.

Andaa diski mpya kubwa kuliko ya zamani, isiwe ya FAT32, kwani FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Kisha tambua ipi ni ipi kwa ukubwa na modeli:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL`

Tuseme ya zamani ni sdb na mpya ni sdc. Mount hufungua diski, na ddrescue ndiyo programu inayonakili:

`mkdir /mnt/mpya /mnt/zamani`
`mount /dev/sdc1 /mnt/mpya`
`ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/mpya/z.img /mnt/mpya/z.map`

Chanzo hutangulia, nakala hufuata. Programu ikikudai uongeze --force, simama: huenda umegeuza majina na unakaribia kuandika juu ya diski ya zamani. Mzunguko huu wa kwanza huchukua yanayosomeka kwa urahisi na kuziacha sehemu sugu. Zirudie hizo sasa:

`ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/mpya/z.img /mnt/mpya/z.map`

Faili la z.map ndilo daftari la kazi. Umeme ukikatika katikati, hakikisha majina ya diski hayajabadilika, fungua tena diski mpya (mkdir na mount), kisha rudia amri ileile ya ddrescue, itaendelea ilipoishia. Diski yenye majeraha inaweza kuchukua siku nzima, kwa hiyo iache ifanye kazi. Ikimaliza, ichomoe uiweke kando.

5. Toa faili kwenye nakala

`losetup -rfP --show /mnt/mpya/z.img`

Itakujibu jina, kwa mfano /dev/loop1. Fungua sehemu yake (partition) kwa kusoma tu:

`mount -o ro /dev/loop1p1 /mnt/zamani`

Kwa Windows XP tafuta Documents and Settings. Kuanzia Vista ni Users. Usichukue picha tu ukaondoka. Barua pepe za Outlook hukaa kwenye faili za .pst, na katika XP huwa zimefichwa ndani ya Local Settings. Windows ingekugomea kufungua folda za mtu mwingine. Huku hutasumbuliwa na ruhusa hizo.

Sehemu isipoonekana, ipe TestDisk, programu ya kutafuta sehemu zilizopotea, lile faili la z.img. Kwa vilivyofutwa kuna PhotoRec, ila majina hupotea: utapata maelfu ya f0123456.jpg ndani ya folda za recup_dir, na kuzipanga ni kazi yako. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, nayo inahitaji ufunguo wake wa tarakimu 48, ambao huenda upo kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Bila huo, au nenosiri lake, hakuna fundi wa kuifungua.

Kabla ya kuitupa diski ya zamani, fungua faili chache kwa macho yako, hasa video kubwa, uzicheze hadi mwisho. Faili kuonekana kwenye orodha hakumaanishi kwamba limetoka zima.