Somo: Kuunganisha taarifa za sensa na za kliniki

Kliniki inajua nani kaugua. Sensa inajua nani anaishi wapi na nani amefariki. Aliyeacha dawa yu hai au la? Hutajua mpaka uunganishe hizo mbili. Mfano wangu ni Kisesa, wilayani Magu, ambako NIMR Mwanza, tawi la taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba Tanzania, inazungukia kaya tangu 1994. Hiyo ni sensa ya eneo la utafiti. Majibu ya sensa ya taifa ni siri kisheria.

Hatua ya 1. Kibali cha maadili, kisha ridhaa ya mgonjwa.

Hatua ya 2. Safisha majina. Usukumani r na l hubadilishana: leo Rehema, kesho Lehema. Programu ipime kufanana kwa herufi (kipimo cha Jaro-Winkler hufaa), isidai majina yawe sawasawa.

Hatua ya 3. Kipe kila kipengele (jina, jinsia, kijiji na kadhalika) uzito. Kanuni ni ya Fellegi na Sunter, 1969: uwezekano wa kulingana akiwa mtu yuleyule, ugawe kwa uwezekano wa kulingana kwa bahati. Jinsia haizidi 2. Jina la balozi wa nyumba kumi, tuseme 0.9 kwa 0.01, linafika 90! Ndiyo maana Kisesa waliuliza jina la balozi, na la mwanakaya mwingine pia.

Hatua ya 4. Hapa ndipo penye umuhimu wote: unganisha mgonjwa akiwepo. Kisesa walianza hivyo 2015. Karani anaingiza majibu, programu inaleta orodha ya wanaofanana, naye anamwuliza mgonjwa, "Unaishi na nani?" mpaka apatikane. Asimsomee majina ya kaya kwa sauti, foleni inasikia.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina majalada ya zamani tu, wenyewe hawapo.

Jibu: Marahaba. Jumlisha uzito wa vipengele, uweke vizingiti viwili: juu kubali, chini kataa, katikati wapitie watu wawili, kila mmoja peke yake. Kisha linganisha waliounganishwa na waliobaki kwa umri, jinsia na kijiji. Ukiwapoteza wanawake walioolewa wakahama, matokeo yako ya uzazi yamepinda.

Swali: Mtu akionekana mara mbili kwenye sensa?

Jibu: Rekodi zote mbili ziunganishe na mgonjwa huyo. Aliyehama kaya huweza kuandikwa upya; utazipanga baadaye kwa tarehe za kuhama na kuhamia.

Swali: Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, je, haitoshi?

Jibu: Iulize, ila usiitegemee. Watoto wengi hawana, na watu wazima wengi huja kliniki bila kadi.