Somo: kuweka sawa omega 3 na omega 6 kwa sisi tunaokula mlo wa kale

Habari zenu wapendwa. Naona wengi mkianza huu mlo wa kale (paleo), yaani mkiacha nafaka na vyakula vya pakiti, kitu cha kwanza mnakimbilia kapsuli za mafuta ya samaki, huku chupa ya mafuta jikoni ni ileile. Tuanzie jikoni basi. Omega 6 na omega 3 ni aina mbili za mafuta ambazo mwili hauzitengenezi, lazima uzile, na zinagombania vimeng'enya vilevile, sasa moja ikijaa sana nyenzake inakosa nafasi.

Hatua ya 1: mafuta ya kupikia. Alizeti ya kawaida zaidi ya nusu ni omega 6, mahindi na soya nazo hivyohivyo, wakati zeituni ni kama asilimia 10 na nazi ni 2 hivi. Badilisha hiyo chupa tu, kazi kubwa umeshaimaliza. Alafu angalia mayonezi na vya kukaanga vya kununua, humo ndo omega 6 inajificha.

Hatua ya 2: samaki wa mafuta mara mbili kwa wiki, sadini, vibua au salmoni. Sadini wa kopo gramu 100 wana karibu gramu 1 ya EPA na DHA (hizo ndo omega 3 za samaki), na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inasema mtu mzima miligramu 250 kwa siku zinatosha, piga hesabu mwenyewe uone hiyo sahani inakufikisha wapi.

Hatua ya 3: kapsuli, kama samaki hupati. Geuza chupa usome nyuma jamani! Mbele wameandika miligramu 1000 kwa herufi kubwa, nyuma unakuta EPA 180 na DHA 120, yaani 300 tu, iliyobaki ni mafuta mengine. Tumbua moja unuse, ikinuka kama rangi ya ukutani yameshachacha, tupa. Weka mbali na mwanga na joto, meza pamoja na chakula.

Na hii habari ya uwiano wa 4 kwa 1, yaani omega 6 nne kwa omega 3 moja, mi siipi uzito sana, maana unaweza kuupata hata kama omega 3 yako ni kiduchu, ilimradi na omega 6 ni kidogo. Omega 6 sio sumu, chama cha moyo cha Marekani mwaka 2009 kilisema ikiwa asilimia 5 mpaka 10 ya nishati unayokula inasaidia moyo. Lozi na jozi kula, ila sio pakiti nzima kila jioni.

MASWALI

Swali: Mwalimu, nakula ng'ombe wa majani tu, bado nahitaji samaki?
Jibu: Ndio ndugu yangu. Anamzidi ng'ombe wa nafaka kwa omega 3, ila kwa samaki hafui dafu.

Swali: Samaki sili kabisa, mbegu za kitani si zinatosha?
Jibu: Zina ALA, omega 3 ya mimea, na mwili unageuza kidogo tu kuwa EPA, DHA ndo kidogo zaidi. Tafuta mafuta ya mwani, hata samaki wenyewe omega 3 yao chanzo chake ni huko.

Swali: Natumia dawa ya kuzuia damu kuganda, nimeze ngapi?
Jibu: Dada, usimeze hata moja kabla hujaongea na daktari wako. Dozi kubwa zimeonekana pia kuongeza hatari ya mapigo ya moyo kwenda ovyo, kwa iyo mwenye shida ya moyo naye aulize kwanza.

Swali: Mafuta ya ini la chewa ni yaleyale?
Jibu: Hapana, yana vitamini A nyingi, mjamzito asiyaguse.