Meza ya kazi isiyotikisika kwa mbao za paleti

Ukipiga randa unaisukuma meza kwa ubavu kutwa nzima. Ndiyo maana meza nyingi za paleti (yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo) huanza kucheza baada ya miezi michache: uzito wote umeachiwa skrubu. Katika hii, ubao unakaa juu ya ubao. Urefu wake ni sm 120, upana 60, kimo 87.

1. Kuchagua paleti

Tafuta nne za sm 120 kwa 80, mbao zake ziwe na unene wa milimita 22 hivi. Kabla hujalipa, tazama muhuri ubavuni. Ukiona HT, mbao ilipashwa moto mpaka kiini kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, chukua. Ukiona MB, ilifukizwa kwa methili bromidi, gesi ya sumu. Iache hata ukipewa bure. Iliyolowa mafuta nayo iache.

2. Kubomoa

Weka mtaimbo pembeni. Misumari ya paleti imesokotwa, kwa hiyo ubao hupasuka kabla msumari haujaachia. Ingiza msumeno wa chuma kati ya ubao na kigogo, ukate misumari papo hapo, kisha vichwa vilivyobaki uvigonge kwa nyuma vitoke.

Halafu pitisha sumaku juu ya kila ubao, pande zote mbili. Siku moja niliruka hatua hii nikiwa na haraka. Randa ilikwaruza mara moja tu, kumbe ncha ya msumari imebaki ndani, na jioni yote ikaishia kwenye jiwe la kunolea.

3. Miguu

Hapa usikimbie. Kila mguu ni tabaka tatu za mbao za upana wa sm 10. Mbili za ndani zina urefu kamili, sm 83. Ya nje ikate vipande viwili: sm 15 na sm 48. Gundisha cha 15 chini kabisa, acha pengo la sm 10, gundisha cha 48. Juu litabaki pengo jingine la sm 10. Mapengo hayo ndiyo makao ya mbao ndefu za fremu. Huhitaji kuchimba tundu kwa patasi, na ubao ukiingia unakaa begani mwa mguu.

Banza kwa klampu usiku kucha. Wewe ukiwa mrefu au mfupi, kabla hujakata mbao za miguu simama wima mikono ikining'inia: uso wa meza ufike kwenye kifundo cha mkono. Ongeza au punguza urefu wa miguu, na kile kipande cha 48 kwa kiasi hichohicho.

4. Fremu

Ingiza mbao nne za sm 120 kwenye mapengo, mbili mbele na mbili nyuma, kwa gundi na skrubu. Unganisha ubavuni kwa mbao fupi. Gundi ikiwa bado mbichi, pima kutoka kona hadi kona, mshazari huu na ule. Vipimo visipolingana, vuta fremu mpaka vilingane. Ndipo ufunge mbao za mshazari nyuma na ubavuni kote kuwili.

5. Uso

Tabaka la chini lilale kwa upana, la juu kwa urefu. Skrubu za juu zizame ndani kabisa, zisikutane na randa. Piga randa, malizia kwa msasa.

Jiliwa la kubania mbao lifunge mwisho, karibu kabisa na mguu wa mbele. Likiwa katikati ya meza, kila pigo la nyundo litadundisha ubao.